Et wafungwa Marekani wanatibiwa bure kuliko raia?
Ndugu hapo umechemka, et mfungwa Marekani anakula matibabu bure wakati raia analipa. Haki anayo kweli, Mahakama ya Juu ilisema tangu 1976 kwamba kumpuuza mfungwa mgonjwa kwa makusudi ni adhabu ya kikatili, ila karatasi ni karatasi tu. Cheki California, magereza ya kubeba watu kama elfu 80 yakajazwa karibu mara mbili, jaji mwaka 2005 akakuta mfungwa mmoja anakufa kila siku 6 au 7 kwa kitu ambacho kingetibika, na kesi hiyo ilipofika Mahakama ya Juu 2011 ikaelezwa wagonjwa hadi 50 wanasukumwa kwenye kizimba cha futi 12 kwa 20 wanasubiri daktari hadi masaa matano. Wamesimama na homa zao humo!!

Na hiyo bure yenyewe huko California ilikuwa dola 5 kila ukiomba kuonwa, hadi 2019 ndo wakaifuta, wakati kuna vibarua vya humo ndani vilikuwa vinalipa senti 8 kwa saa, piga hesabu mwenyewe, masaa 60 na ushee kumuona nesi.