Bakuli la Hamada lisilo na sahihi
Ndugu uliyeuliza kama bakuli la Hamada Shoji, mfinyanzi wa Kijapani, lisilo na sahihi ni la bandia: hapana, hilo peke yake lisikutie shaka. Aliporudi Japani kutoka St Ives, Uingereza, aliacha kutia alama vyombo vyake, na huko Mashiko, mji wa Japani alikofanyia kazi, aliendelea hivyohivyo mpaka alipofariki 1978. Jina aliliandika kwa brashi kwenye kisanduku cha mbao cha kuhifadhia chombo, basi ulizia kisanduku kwanza. Kisha tazama rangi: aliimwaga kwa kata, mkupuo mmoja wa sekunde chache, mstari ukatua mzito hapa, mwembamba pale. Kwangu mimi hiyo ndiyo sahihi yake. Rafiki yake mfinyanzi Kawai Kanjiro naye aliacha kutia alama, tena alikataa kutunukiwa cheo cha Hazina Hai ya Taifa, heshima ya serikali ya Japani kwa mafundi mahiri, alichopewa Hamada 1955.