Msimweke Mteja Ndani ya Kontrola

Wadogo zangu mlioanza kazi nasi mwezi huu, jana jioni niliusoma msimbo wa programu yenu ya ankara, ile ya wavuti mliyoiandika kwa Java na Spring (kiunzi cha kujengea programu), kabla sijavuka feri kurudi Likoni, na usiku kucha usingizi ulinipaa. Kosa nililoliona ni lilelile nililolifanya nikiwa na umri wenu, katika mji huuhuu wa Mombasa, na siwezi kukaa kimya nikawatazama mkilirudia.

Ya kwanza ni nyepesi: kurasa za JSP, yaani violezo vya kurasa anazoziona mtumiaji, zikae chini ya folda ya WEB-INF, ili kivinjari kisizifikie bila kupitia kontrola, yaani klasi inayopokea maombi ya kivinjari na kuamua ukurasa wa kujibu.

Ya pili, fomu ikishahifadhiwa, mpelekeni mtumiaji kwenye ukurasa mwingine kwa "redirect:", la sivyo akiupakia upya ukurasa uleule ankara itaandikwa mara mbili.

Ya tatu, mifano mingi mnayoiiga ni ya zamani. Tomcat 10, yaani seva inayoendesha programu yenu, na Spring 6, iliyotoka mwaka 2022, zinatumia kifurushi cha msimbo kiitwacho jakarta.servlet mahali pa javax.servlet, na mmoja wenu amepoteza siku nzima akiitafuta hitilafu iliyokuwa katika mstari wa juu kabisa wa faili lake. Ulizeni mapema, jamani; hakuna atakayewauma.

Ya nne ndiyo iliyonitia kalamu mkononi. Niliwahi kuandika programu kwa ajili ya ofisi moja ya mawakala wa kutoa mizigo bandarini Kilindini. Karani alichagua mteja katika ukurasa wa kwanza, akajaza namba ya kontena na ada katika ukurasa wa pili, kisha akachapisha ankara. Ili mteja asipotee kati ya kurasa hizo mbili, nilitangaza kigeu, yaani nafasi yenye jina ya kutunzia thamani, juu kabisa ya klasi ya kontrola, nikamhifadhi humo. Niliijaribu peke yangu chumbani mara nyingi, na kila mara ilifanya kazi sawasawa. Ofisini pia ilitulia, kwa kuwa alikuwepo karani mmoja tu aliyeitumia.

Mwisho wa mwezi kazi ilipozidi, karani wa pili akaanza kuitumia. Ankara ya mteja mmoja ikatoka kwa jina la mteja mwingine, tarishi akaipeleka, na mfanyabiashara akasoma ada alizotozwa mshindani wake. Lawama zote zilimwangukia karani wa kwanza, mama wa makamo aliyenizidi umri kwa miaka mingi. Nilipoulizwa mbele ya mkubwa wa ofisi, nilisema kwa kujiamini kwamba programu haina kasoro na kwamba bila shaka mtu amechagua jina lisilo lake. Yule mama alinitazama, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mimi najua nilichokibonyeza." Sikumjibu.

Siku tatu baadaye nilifungua vivinjari viwili, nikaingia kama makarani wawili, nikachagua wateja wawili tofauti. Jina la mteja wa pili likatokea katika kurasa zote mbili. Nilirudi ofisini, nikaeleza kosa langu mbele ya walewale waliomsikia akilaumiwa, nikamwomba radhi. Alinisamehe, lakini zile siku tatu alizobeba kosa langu sikuweza kumrudishia, na mpaka leo zinaniuma.

Sababu yake mnaifahamu kwa nadharia, ila hamjaiona ikitenda. Spring, isipoagizwa vinginevyo, hujenga kontrola moja tu programu inapoanza, na kila ombi hupita ndani ya kontrola hiyohiyo. Tomcat nayo, mipangilio yake isipoguswa, huweza kuhudumia maombi kwa nyuzi zipatazo 200, yaani njia za kazi zinazokwenda sambamba, kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kigeu kile ni daftari moja lililo wazi juu ya meza, ambamo kila karani anafuta jina alilolikuta na kuandika lake. Trygve Reenskaug alipoubuni mpangilio wa MVC, unaotenganisha data, mwonekano na kontrola, mwaka 1979 akiwa Xerox PARC, wavuti haikuwepo, na mpangilio huo ulikusudiwa mtu mmoja aliyeketi mbele ya kompyuta yake. Nyinyi mnaandikia ofisi nzima.

Mmoja wenu ameongeza neno synchronized juu ya methodi akidhani ameponya. Hapana. Neno hilo linayapanga maombi yaingie moja baada ya jingine, lakini halimlindi mteja aliyechaguliwa katika ombi la kwanza asifutwe kabla ombi la pili halijafika. Sesheni, yaani kumbukumbu ambayo seva humtunzia kila mtumiaji kati ya ombi na ombi, ni afadhali, ingawa karani akifungua vichupo viwili vya kivinjari kimoja, vyote vinatumia sesheni moja na majina yatachanganyika tena. Mimi hupitisha kitambulisho cha mteja katika fomu yenyewe, nikamsoma upya kutoka hifadhidata kila ombi linapofika, na kuhakiki kwamba karani huyo ana ruhusa ya kumhudumia. Ndani ya kontrola habaki kitu isipokuwa huduma ambazo Spring huziingiza mwanzoni na ambazo zenyewe hazihifadhi habari za mtumiaji yeyote.

Kesho asubuhi, kabla ya chai, kila mmoja aje na vivinjari viwili vimefunguliwa na wateja wawili tofauti. Nitakaa nanyi mmoja mmoja, na ankara haitapelekwa kwa mtu yeyote mpaka nione majina mawili yakibaki mawili.