Re: Saa ya Seiko 5 ya marehemu babu, niendelee kukusanya za aina hii au nijiwekee pesa ya Omega?

Ndugu yangu wa Lamu, hao wanaokucheka barazani waache wacheke. Omega, saa ya Uswisi ya bei kubwa, itakula akiba yako yote, na bado utaogopa kuivaa. Anza na hizo saa za Kijapani, Seiko, Citizen na Orient, ambazo watu wamezitupa madrooni.

Seiko 5 ilitoka mwaka 1963, na haina betri: mkono ukitembea, inajijaza yenyewe. Kifundo chake cha kurekebishia saa kimejificha penye namba 4, na siku na tarehe ziko dirisha moja. Mimi napenda zaidi zile zenye siku kwa Kiarabu. Ukiona الجمعة, yaani Ijumaa, imejitokeza kwenye kidirisha, roho inatulia, wallahi.

Igeuze usome mgongoni. Kwenye namba ya tarakimu sita, ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka ilipotengenezwa, ya pili mwezi; Oktoba ni 0, Novemba N, Desemba D. Ikianza na 7 yaweza kuwa 1977 au 1987, hapo modeli ndiyo itakayoamua.

Uso wa saa unaong'aa kama sahani mpya, wenye maandishi mazito yaliyovimba, umepakwa rangi upya. Usinunue, hata kwa bei ya mandazi. Uso uliofifia lakini wa asili una thamani zaidi.

Ya babu mpelekee fundi aisafishe na kuitia mafuta, na abadilishe mpira wa mfuniko unaozuia maji. Hata hivyo, usiingie nayo baharini. Chumvi ya hapo kwenu haina huruma.