Filamu za sikukuu, nyumbani na ukumbini: tumejibu maswali yenu saba

Shule zimefungwa, ndugu wanaingia kutoka mikoani, na TV inawaka tangu asubuhi. Maswali mengi mliyotuletea msimu huu hayadai kununua kitu kipya. Yanadai kuingia kwenye menyu, kukaza nati au kusogeza spika, na ndiyo maana tumeeleza hatua kwa urefu pale inapobidi.

Nimenunua TV ya inchi 55. Mpira unaonekana safi kabisa, lakini filamu zinanikera: waigizaji wanateleza kama wamepigwa na kamera ya harusi. Je, TV ni mbovu? (Dodoma)

TV yako ni nzima. Filamu nyingi hupigwa picha 24 kwa sekunde, na mwendo wake ule mzito kidogo ndio unaoipa sura ya sinema. Kioo cha TV, kwa upande wake, hujionyesha upya mara 50, 60 au hata 120 kwa sekunde. Kiwandani huwashwa mtambo unaobuni picha za katikati ili kujaza nafasi, picha ambazo mpigapicha hakuzipiga. Kwenye mpira huo ni msaada, kwa sababu jicho linaufuata mpira bila shida. Kwenye filamu ni uharibifu, na hatuoni sababu ya kuuvumilia. Tazama mtu anapopitisha mkono haraka mbele ya ukuta wa matofali: ukingo wa mkono unavunjikavunjika, kwa sababu TV imekosea kukisia.

Ingia "Settings", kisha "Picture", halafu utafute "Motion" au "Clarity". Kwenye baadhi ya TV imefichwa ndani ya "Advanced" au "Expert". Samsung huiita Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG TruMotion, Sony Motionflow. Izime kabisa. Kama TV yako ina "Filmmaker Mode", ichague hiyo, maana inazima mtambo huo na kurekebisha rangi kwa pamoja. Isipokuwepo, chagua "Movie" au "Cinema", kisha uhakikishe mwenyewe kwamba mtambo umezimwa.

Mwanzoni picha itakuonekania ya manjano na hafifu. Usirudi nyuma; macho yalishazoea ile bluu kali ya "Vivid" na yanataka kama robo saa kutulia. Shusha pia "Sharpness" mpaka ule uzi mweupe unaozunguka vichwa vya watu upotee. Kisha jambo ambalo wengi hulisahau: TV nyingi huhifadhi marekebisho ya kila mlango peke yake. Ukirekebisha kwenye HDMI 1 penye king'amuzi, filamu ya kwenye programu ya intaneti au kwenye flashi itabaki vilevile. Rudia kila mahali unapotazamia.

Mistari mieusi juu na chini naitoaje? Watoto wanasema picha haijajaa. (Kigoma)

Iache. Kioo cha TV kina uwiano wa 16:9, yaani upana ni mara 1.78 ya kimo, na filamu nyingi za ukumbini zina upana wa mara 2.39. Ukibonyeza "Zoom" ili kujaza kioo, unakata karibu robo ya picha, kulia na kushoto. Ukiivuta kwenda juu, watu wanarefuka. Filamu za zamani nazo zina mistari ya pembeni kwa sababu zilipigwa kwa umbo la karibu na mraba. Kwenye king'amuzi weka uwiano wa 16:9, kwenye TV chagua "Original" au "Just Scan", kisha usiguse tena.

Baba yangu hasikii mazungumzo. Tukiongeza sauti, bunduki zinapiga na nyumba nzima inaamka. Tuna sabufa yenye spika tano lakini haijasaidia. (Tanga)

Hilo si suala la masikio ya mzee peke yake. Sauti ya filamu hutengenezwa kwa njia sita, na maneno karibu yote huwekwa kwenye njia ya katikati. TV ina spika mbili ndogo, aghalabu zinazotazama chini au nyuma ukutani. Njia sita zikibanwa ziwe mbili, maneno yanafunikwa na muziki.

Anzia kwenye chanzo. Ndani ya programu ya filamu fungua orodha ya lugha na sauti, pakiwa na "5.1" (ndizo zile njia sita) na "Stereo" (njia mbili), chagua "Stereo". Kwenye king'amuzi, ondoa "Dolby Digital" na uweke "PCM" kama sauti inatokea kwenye TV yenyewe. Kisha kwenye TV washa "Clear Voice" au "Speech", pamoja na "Night Mode" au "Auto Volume", inayopunguza tofauti kati ya mnong'ono na mlipuko. Sauti ya mlipuko itafifia, ndiyo, lakini mzee atafuatilia kisa.

Sasa hiyo sabufa. Kama umeiunganisha kwa waya mwekundu na mweupe, inapokea njia mbili tu, na zile spika tano zinagawana kilekile. Kibaya zaidi, mtu huiweka kwenye kona na kupandisha besi mpaka mwisho. Kona huikuza besi, na besi ndiyo inayomeza maneno. Itoe konani, shusha besi chini ya nusu, na spika ya katikati iweke chini ya TV ikitazama usawa wa masikio ya aliyekaa. Chumba chenye vigae vitupu na madirisha bila mapazia huirudisha sauti ovyo. Zulia, mapazia mazito na makochi ya kitambaa vitakusaidia kuliko kuongeza spika ya sita.

Mwenye saundibaa, ile spika ndefu ya kuweka chini ya TV, aichomeke kwenye mlango wa HDMI ulioandikwa "ARC" au "eARC". Mlango mwingine wa HDMI hautoi sauti kwenda nje, na hapo ndipo watu wengi hukwama wakidhani kifaa kimekufa.

Mvua ikianza tu, king'amuzi cha dishi kinaleta chenga kisha kinaganda. Mwaka jana filamu ya mkesha wa Krismasi ilitukatikia pazuri. Kuna dawa? (Morogoro)

Dawa kamili haipo, ila kuganda kwa manyunyu tu si kawaida na kunatibika.

Dishi za majumbani hupokea mawimbi ya kati ya gigahezi 10.7 na 12.75, yenye urefu wa kama sentimita 2.5. Matone makubwa huyanywa na kuyatawanya. Mvua ya radi huyakata kwa dakika kadhaa, na hapo hata fundi bora hana la kufanya. Dishi lililofungwa sawasawa lina akiba ya kutosha kuvuka mvua ya kawaida. Linaloganda kwa manyunyu lilikuwa limeshaishiwa akiba hata siku ya jua, ila hukujua.

Siku ya anga safi fungua menyu ya king'amuzi, sehemu ya "Signal", na uandike namba mbili: nguvu na ubora. Ubora, yaani "Quality", ndio wa kuangalia. Nguvu inaweza kuwa juu huku ubora ukiwa chini, na maana yake mara nyingi ni kwamba dishi limehama. Kwa dishi la sentimita 90, kuhama kwa digrii 1 tu kunakula karibu nusu ya mawimbi, na upepo au mtoto aliyepanda kufuata mpira vinatosha kulihamisha. Legeza nati kidogo, sogeza taratibu kabisa huku mwenzako akikusomea namba kutoka ndani, subiri sekunde tano kila unaposogeza, kisha kaza nati kwa zamu. Ukikaza moja mpaka mwisho kwanza, dishi linajipinda na kazi inaharibika. Zungusha pia LNB, kile kichwa cha mbele, kidogo kulia na kushoto. Pembe yake nayo ina athari.

Kisha kagua waya pale unapoingia kwenye LNB. Maji yakipenya, shaba inageuka kijani na ubora unashuka kila msimu. Kata kipande kilichooza, funga kiungio kipya, kizungushie tepu ya mpira, na uache waya uning'inie kama mkunjo kabla ya kuingia ndani ili maji yadondokee hapo.

Angalia pia dishi linatazama wapi. Azam hurushwa kutoka setilaiti ya digrii 7 mashariki, hivyo kwetu dishi lake huelekea magharibi. La DStv, kwenye digrii 36, hutazama karibu utosini, kwa hiyo majani na kinyesi cha ndege hutulia juu yake. Lifute. Na kama filamu unayoitaka inarushwa pia kwa antena ya kawaida, weka antena tayari: mawimbi yake hayasumbuliwi na mvua kwa kiasi hicho.

Malipo ya kifurushi yafanyeni siku mbili kabla, king'amuzi kikiwa kimewashwa. Kikiwa kimezimwa hakipokei ujumbe wa kufunguliwa, na foleni ya mkesha kwenye huduma kwa wateja mnaijua.

Nataka kuwapeleka watoto wa miaka 4, 8 na 13 ukumbi wa sinema. Nichague nini, tukae wapi? Na kwa nini filamu niliyoahidi iliondolewa kabla shule hazijafunguliwa? (Mombasa)

Mama, tazama kwanza alama ya bodi ya filamu ya Kenya: GE ni ya wote, PG inataka uamuzi wa mzazi, 16 na 18 ni umri wa chini kabisa. Kwa aliye na miaka 4 baki kwenye GE. Alama haisemi lolote kuhusu ukubwa wa sauti, na wadogo hulizwa na sauti zaidi ya picha. Chukua kiti cha ukingoni mwa safu ili utoke naye bila kuwasumbua wengine, na mbebee sweta au khanga, maana viyoyozi vya kumbi ni vikali.

Kwa wengine, mahali pazuri ni katikati, theluthi mbili ya ukumbi kutoka kwenye kioo. Sauti nayo hupimwa kwa ajili ya eneo hilo. Safu tatu za mbele zinaumiza shingo. Kama ipo ya 2D, ichague badala ya 3D: miwani hupunguza mwanga, na kwenye uso wa mtoto mdogo haikai.

Kuhusu kuondolewa: siku hizi filamu hufika ikiwa faili lililofungwa, na ufunguo wake wa kidijitali hufanya kazi kwenye mashine ya ukumbi husika, kuanzia saa fulani hadi saa fulani. Ratiba nyingi hubadilika Ijumaa, na filamu isiyojaza viti humpisha mgeni. Ukiahidi filamu, nenda nayo wiki ya kwanza. Siku za katikati ya wiki tiketi huwa nafuu katika kumbi nyingi, ila uliza kwanza kama punguzo linahesabiwa siku ya sikukuu.

Bando la GB 10 litatosha filamu ngapi? (Iringa)

Kwa Netflix, ambayo hutoa makadirio yake wazi: saa moja ya kiwango cha chini ni kama GB 0.3, cha kati GB 0.7, HD hadi GB 3. Filamu ya saa mbili kwa HD inaweza kula GB 6, kwa kiwango cha kati GB 1.4. Hesabu filamu saba au moja na nusu, kutegemea ulichochagua.

Hasara kubwa hutokea mtu anapofungua filamu kwenye TV kwa hotspoti ya simu. Simu ilikuwa kwenye kubana data, lakini TV inavuta filamu yenyewe, kwa HD. Punguza kiwango kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya "Playback settings", si kwenye simu tu. Na ukipakua kabla ya safari, kumbuka kwamba baadhi ya filamu hufungika saa 48 baada ya kubonyeza "Play" mara ya kwanza. Usizionje.

Ukoo unakutana Idi, watu kama 40. Tunataka kuwaonyesha filamu uani kwa projekta. Tujiandae vipi? (Zanzibar)

Picha ya inchi 100 ina upana wa sentimita 221 na kimo cha 125, na kwa watu 40 inatosha kama ukingo wake wa chini uko mita moja kutoka ardhini. Projekta nyingi za kawaida zitakaa mita 2.5 hadi 3.5 kutoka kwenye kitambaa. Shuka moja hupitisha mwanga nyuma, kwa hiyo shona mbili pamoja, zifunge pande zote nne kwa kamba na uzivute mpaka mikunjo iishe. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa ni bora zaidi, na upepo hauutikisi.

Mkikodi, ulizeni "ANSI lumens", yaani kipimo cha mwanga wa projekta, na msichukue chini ya 2,000. Namba kubwa za kwenye maboksi ya projekta za bei rahisi, zisizo na neno ANSI, hazina maana. Msianze kabla ya giza kuingia sawasawa, kama saa moja na robo usiku.

Spika iwekeni chini ya picha na muiunganishe kwa waya, kwa sababu Bluetooth huichelewesha sauti na midomo inaachana na maneno. Ijaribuni filamu kwa projekta hiyohiyo mchana. Flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haibebi faili linalozidi GB 4. Tumieni exFAT au NTFS, mradi kifaa kinausoma. Picha ikija bila sauti, huenda sauti ya faili ni ya aina ya DTS, ambayo vifaa vingi havichezi. Pitisheni kwenye kompyuta yenye programu ya VLC.

Umeme ndio unaovunja shughuli. Projekta ya taa na spika hula kama wati 300. Betri ya risasi ya 12V, Ah 100, ukiitumia nusu ili isife na kutoa upotevu wa inveta, inakupa kama wati-saa 500, yaani saa moja na dakika 40. Filamu ya saa mbili haitaisha. Wekeni betri mbili, au projekta ya LED inayokula kidogo. Ikiwa mtatoza kiingilio, hayo ni maonyesho ya biashara na yanahitaji kibali pamoja na ruhusa ya mwenye filamu. Mkimaliza, zimeni projekta kwa kitufe na mngoje feni isimame yenyewe kabla ya kuchomoa waya. Taa ikikatwa feni ikiwa bado inazunguka, joto hubaki ndani na kufupisha maisha yake, na mwenye projekta atawadai.