Shangazi, nichukue chumba cha Chamazi au cha Sinza?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24, natoka Mafinga. Nimemaliza stashahada ya famasia na nimepata kazi kwenye duka la dawa Mikocheni, Dar es Salaam. Naanza tarehe moja mwezi ujao. Mshahara ni 450,000 kabla ya makato, siku sita kwa wiki. Wiki moja naingia asubuhi, wiki inayofuata naingia saa 8 mchana na kutoka saa 4 usiku. Dar sijawahi kuishi.*

*Dalali amenitumia picha za vyumba viwili. Cha kwanza kipo Chamazi, 60,000 kwa mwezi, kodi ya miezi mitatu. Anasema nauli ni 2,000 kwenda na 2,000 kurudi, na usiku boda kutoka kituoni hadi nyumbani 3,000. Cha pili ni masta, yaani chenye choo chake ndani, kipo Sinza, 150,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita. Huko nauli ni 600, na usiku boda kutoka kazini hadi mlangoni 2,000. Akiba yangu ni 900,000. Mama anaogopa nitakabwa usiku Chamazi, anataka akope kwenye kikoba anijazie nichukue Sinza. Mjomba yupo Mbezi Mwisho na amesema nikae kwake, ila ana watoto wanne na mimi ningelala sebuleni. Kusema kweli nimechoka kukaa kwa watu. Dalali anataka nitume 50,000 ya kushikilia chumba kabla ya Ijumaa. Nifanyeje? — Wa Mafinga*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kazi.

Nianze na lenye haraka. Hiyo elfu hamsini usiitume. Si Ijumaa, si Jumamosi. Chumba ambacho hujakanyaga sakafu yake hakishikiliwi kwa simu, na picha moja inaweza kutumwa kwa wasichana kumi wa mikoani, kila mmoja akaambiwa yeye ndiye wa kwanza. Inawezekana dalali wako ni mtu safi kabisa. Kama ni safi, ataendelea kuwa safi utakapofika Dar na kumwambia, "Nipeleke nikaone."

Sasa tushike kalamu. Kwenye hiyo 450,000, NSSF inakatwa asilimia 10, yaani 45,000, na kodi ya mapato inakula kama 10,800. Mkononi unabaki na 394,000 na senti. Hii ndiyo namba ya kupangia maisha. Ile ya kwenye barua ya ajira iache hukohuko kwenye barua.

Chamazi: kwa siku 26 za kazi, nauli 4,000 kwa siku ni 104,000. Zile siku 13 za kutoka usiku, boda ya 3,000 ni 39,000. Jumlisha kodi ya 60,000, unapata 203,000. Sinza: siku 13 za asubuhi unatumia 1,200, siku 13 za usiku unatumia 2,600, jumla 49,400. Weka na kodi ya 150,000, unapata 199,400.

Umeona? Chumba cha bei rahisi ndicho ghali, kwa 3,600. Na hapo sijakutoza muda. Kutoka Chamazi unapanda gari hadi Rangi Tatu, hapo unagombania la Makumbusho au Mwenge, halafu unaunganisha tena hadi Mikocheni, na foleni za jiji hili hazina huruma na mtu anayeanza kazi. Usiku ndiyo zaidi. Ukitoka saa 4, ufunge hesabu za duka, usubiri gari, konda akatishe ruti akushushe Rangi Tatu, utaingia kwako saa 6. Asubuhi inayofuata unasoma maandishi ya daktari na kuhesabu vidonge vya mtoto wa mtu huku macho yanakuwasha.

Kwa hiyo Chamazi nakufutia. Si kwa sababu ni kubaya. Watu wamejenga, wanalea, wanaishi vizuri tu. Ila Chamazi ni ya mtu anayefanya kazi Mbagala au Kurasini. Si yako wewe wa Mikocheni unayetoka saa 4 usiku.

Lakini Sinza ya miezi sita nayo nakufutia. Kodi 900,000, na dalali atataka ya mwezi mmoja, 150,000. Jumla 1,050,000 kabla hujanunua hata ndoo. Mama akikopa kikoba, rejesho litaanza wiki ile ile ambayo wewe hujaona mshahara wa kwanza, na wote wawili mtakuwa mnaumwa vichwa, yeye Mafinga na wewe Sinza, kwenye masta yenye vigae na haina godoro. Vilevile kazi mpya huwa na muda wa majaribio. Ikitokea mmeshindwana na mwajiri mwezi wa pili, kodi ya miezi minne imelala kwa mwenye nyumba, na kuirudisha ni kesi.

Mama anachoogopa nakielewa, nami sitakudanganya kwamba Dar hakuna vibaka. Ninachokataa ni kupima usalama kwa jina la eneo. Mwaka 2022 Panya Road, yale makundi ya vijana wahalifu, walivamia Kawe, na Kawe iko jirani kabisa na Mikocheni yenyewe. Mitaa ya kuta ndefu na magari mazuri ndiko ambako saa 4 usiku huoni mtu nje. Anakuja wa pikipiki, anakwapua mkoba, anapotea, na wewe unapiga kelele kwenye ukuta. Uswahilini unakoogopeshwa nako, saa hiyo kina mama bado wako vibarazani, muuza chipsi anageuza mayai, kijiwe cha boda kimejaa, na ukipiga yowe moja wanatoka kumi. Mimi ningekulaza kwenye chumba cha kawaida kilicho mita mia kutoka kwa huyo muuza chipsi kuliko kwenye masta ya mwisho wa barabara ya giza.

Tafuta hivi: chumba kimoja, choo cha kuchangia, ndani ya nyumba yenye geti ambayo mwenye nyumba au familia zenye watoto wanaishi humohumo, mahali ambapo kwenda kazini ni gari moja tu. Zunguka Mwananyamala, Makumbusho, Kijitonyama, Kawe, Msasani, na Sinza yenyewe ukiachana na masta. Ukivaa viatu vya kutembea hukosi cha 80,000 hadi 100,000, kodi ya miezi mitatu. Wakikuambia sita, omba mitatu. Wengi hukubali wakiona mpangaji ana barua ya kazi na hana makuu. Kwa chumba cha 90,000 na nauli kama ile ya Sinza, unatumia 139,400 kwa mwezi. Hapo unakula, unatuma kidogo nyumbani, na unapumua.

Hicho chumba utakitafutaje ukiwa Mafinga? Hukitafuti. Unakwenda kwa mjomba.

Najua, umechoka kukaa kwa watu. Ila mjomba usimwendee kwa kuhamia. Mwendee kwa mwezi mmoja unaotajwa tangu siku ya kwanza. Mwambie yeye na mkewe, wote wawili wakiwa wamekaa: "Mjomba, naomba mwezi mmoja nitafute chumba." Mke wa mjomba akisikia tarehe ya kuondoka, sebule inakuwa kubwa ghafla. Usifike mikono mitupu. Beba kiroba cha maharage na viazi vya huko kwenu, nunua mkaa au gesi bila kuambiwa, oga mapema kabla watoto wa shule hawajaamka. Mbezi Mwisho si karibu na Mikocheni, ndiyo, na wiki za usiku utaumia. Mwombe mwenye duka akupe wiki mbili za kwanza asubuhi, kwa kuwa ndiyo unajifunza kazi.

Na ukiwa unaongea naye, muulize kuhusu usafiri wa usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya hapo unastahili nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Usishangilie bado. Nimekupigia hesabu, kwa masaa yako ni kama 3,000 kwa mwezi mzima, boda moja ya Chamazi. Lakini ni mlango wa kuingilia mazungumzo. Maduka mengine yana dereva wa bajaji wanayemlipa kwa mwezi arudishe wafanyakazi wa zamu ya usiku. Uliza kwa adabu, mapema, kabla hujawa mtu wa kulalamika.

Ukipata chumba kinachokupendeza mchana, usilipe. Rudi usiku. Mchukue mtoto mkubwa wa mjomba au mjomba mwenyewe, mshuke kituoni saa 4 na nusu, mtembee kwa miguu hadi mlangoni. Angalia sehemu iliyokufa: pagale lisilo na mtu, ukuta mrefu wa shule, kichochoro ambacho watu wawili hawapishani. Kama sehemu hiyo ipo na haina njia ya kuzunguka, tafuta chumba kingine hata kama hiki kimepakwa rangi mpya. Simama kwa anayeuza chipsi au mihogo, nunua, muulize: "Dada, hapa usiku mnafunga saa ngapi?" Atakuambia mengi kuliko dalali. Kisha muulize mama mwenye nyumba swali ambalo wapangaji wapya husahau: geti linafungwa saa ngapi, na nani anafungua? Nyumba nyingi zenye heshima zinafunga saa 4. Wewe saa 4 ndiyo unavua koti kazini. Usikubali maisha ya kugonga geti na kumpigia simu mpangaji mwenzako kila usiku. Wiki ya tatu atazima simu. Ukabidhiwe ufunguo wako mbele ya mwenye nyumba.

Ndani ya chumba, inua macho. Nyumba nyingi za zamani kuta za vyumba zinaishia kwenye dari, hazifiki batini, na mwizi anapanda kupitia chumba cha jirani. Gonga dari, uliza. Dirisha liwe na nondo, na kitanda kikae mbali nalo, kwa sababu kuna watu hapa mjini wanavua simu kwa fimbo kama wanavua perege. Choo kikiwa uani, uone kama kuna taa njiani na kama mlango una komeo kwa ndani. Kitasa badilisha siku unayohamia, usisubiri mwisho wa wiki. Hujui funguo za zamani ziko mifuko mingapi. Ukiwa karibu na Mto Ng'ombe au bonde lolote, chungulia ukutani chini. Mstari wa maji haufichiki hata kwa rangi, na viroba vya mchanga mlangoni havijawekwa kwa urembo. Masika ikifika utaelewa.

LUKU kama ni ya kuchangia, jua mnachangiaje na nani mwenye friji. Na ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye umeme tangu 2021 ni ya mwenye nyumba. Mkubaliane mapema inarudishwaje.

Hela ulipe kwa mwenye nyumba, si kwa dalali, na jina kwenye simu lifanane na jina kwenye mkataba. Mkataba mkasainie ofisi ya serikali ya mtaa, ujitambulishe kwa mjumbe pia. Watu wanaona ni usumbufu. Mimi naona ni vizuri mtaa ujue kuna binti fulani, anatoka usiku kwa sababu ya kazi, asije mtu akakutungia sababu nyingine. Ukipata tatizo la mwanaume kukufuatafuata, hata kama ni baba mwenye nyumba, Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto; huko ndiko kwa kwenda.

Mama mpigie leo, mwambie asikope. Mtajie mpango: mwezi kwa mjomba, chumba cha gari moja, geti na ufunguo wangu. Kinachomkosesha usingizi ni kutojua utarudije saa 4 usiku, na hilo sasa unaweza kumweleza hatua kwa hatua. Ukishapata dereva mmoja wa boda wa kijiwe cha karibu na duka, umtumie mama namba yake na namba ya pikipiki.

Kodi ya miezi mitatu na dalali vikikutoka, ni kama 360,000. Nunua godoro, mtungi mdogo wa gesi, sufuria mbili, pazia zito na kitasa. Inayobaki, hakikisha haishuki chini ya laki tatu mpaka mshahara wa pili uingie, na wenye duka la samani watakaokuambia uchukue kabati kwa mkopo, waambie Shangazi amekataa.