Mwalimu wa ajira mpya, andika ukweli kwenye sehemu ya maoni

Mwalimu mwenzangu uliyeripoti kituoni juzi, karibu kazini. Utapewa mawaidha mengi chumba cha walimu, mengine ya kukujenga, mengine ya kukukatisha tamaa kabla hata hujashika chaki. Mimi ninalo moja ninaloliamini kuliko yote, nalo linaanzia mahali padogo sana: ile sehemu ya chini kabisa ya andalio la somo iliyoandikwa "maoni".

Utaona inavyojazwa. Fungua maandalio ya walimu kadhaa, utakuta "somo limeeleweka vizuri" ukurasa baada ya ukurasa, na mengine yameandikwa Jumapili usiku kwa ajili ya kipindi cha Alhamisi. Mwalimu wa taaluma anapitisha, mthibiti ubora akija anakuta pamejaa, hakuna anayeulizwa. Anayekosa ni mwalimu mwenyewe. Fomu karibu zote tunazojaza ni za kuwapa taarifa wakubwa. Hii peke yake ndiyo inayotuuliza leo darasani kumetokea nini na kesho tutafanyaje.

Chukua Kidato cha Kwanza, kujumlisha na kutoa namba hasi. Umefundisha vizuri, umeuliza kama wameelewa, darasa zima limeitikia ndiyo. Unakusanya madaftari. Kwenye −3 − 5 unakuta wengi wameandika 8. Ukiandika kwenye maoni kwamba somo halikueleweka, umesema kweli lakini bado hujasema kitu cha kukusaidia. Mwite mwanafunzi mmoja, kwa upole, umwambie akuonyeshe hiyo 8 ameipataje. Atakujibu bila kusita, "Hasi na hasi ni chanya, mwalimu."

Hapo ndipo penye kazi. Mtoto hakulala darasani. Ana kanuni, na ni kanuni ya kweli, ila ni ya kuzidisha na yeye ameileta kwenye kutoa. Sasa maoni yako yasomeke hivi: "Wengi wamejibu 8 kwa −3 − 5. Wametumia kanuni ya kuzidisha. Kesho nianze na mstari wa namba, wasimame kwenye −3 warudi nyuma hatua tano, wafike −8 wenyewe." Ni sentensi chache tu, na andalio la kesho limeshaanza kujiandika.

Mara nyingine utakuta kikwazo si hisabati. Watoto wetu wengi wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha sekondari wanakutana na kila kitu kwa Kiingereza. Swali la kutoa kwa Kiingereza, kama "Subtract 5 from 3", linataja 5 kwanza halafu 3, wakati hesabu yenyewe ni 3 − 5. Mwanafunzi anaandika namba kwa mpangilio aliouona, anapata 2, unamwekea mkasi, naye haelewi amekosea wapi. Mwalimu asiyemuuliza atarudia kufundisha kutoa wiki nzima, wakati kilichohitajika ni kusoma lile swali pamoja, neno kwa neno. Mambo ya namna hii hayamo kwenye kitabu cha kiada. Yamo kwenye madaftari ya wanafunzi wako, na ukiyaandika siku ile ile ni yako maisha yako yote ya kazi.

Ukishakuwa na maandishi ya aina hiyo, hata kuomba msaada kunakuwa rahisi. Mwalimu mkongwe ukimwendea na kusema "darasa langu ni gumu", atakupa pole na chai. Ukimwendea na daftari lenye lile kosa, atavuta kiti. Usiogope kwamba utaonekana hujui; ajira mpya anayeuliza jambo mahususi anaheshimiwa haraka sana, na wakongwe wengi wana hazina ambayo hakuna aliyewahi kuwaomba.

Mwombe pia mmoja wao akae nyuma ya darasa lako kipindi kimoja. Mpe kazi moja tu ya kuangalia, maana akiangalia kila kitu atakwambia "umefundisha vizuri" mkaachana hapo. Kwa mfano, achore ramani ya madawati na kuweka alama kila unapomuuliza mwanafunzi swali. Dakika 40 zikiisha, tazameni ile karatasi pamoja. Kwa walimu wengi alama zinajaa madawati ya mbele na ya katikati, huku pembe za nyuma hazina hata moja. Hakuna anayepanga kuwa hivyo; macho yanakwenda kwa walionyoosha mikono. Karatasi ile inakuonyesha jambo ambalo wewe, ukiwa umesimama ubaoni, huwezi kuliona. Kama shuleni kwenu vikao vya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, vinafanyika, peleka huko mambo kama haya. Mafunzo hayo yanakuwa na maana watu wanapoleta tatizo la darasani kwao. Wakija kusaini mahudhurio tu, ni saa moja iliyopotea.

Nimesema hili ndilo wazo ninaloliamini kuliko yote, kwa hiyo nalipeleka na nyumbani, kwenye mshahara. Huko ndiko nimeona vijana wazuri wakivunjika.

Mshahara wa kwanza ukitoka, soma hati yako ya mshahara mstari kwa mstari kabla ya kuahidi mtu chochote. Kwenye kila shilingi 100,000 ya mshahara wa msingi, PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wanachukua 5,000, Bima ya Afya 3,000, na kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo wanachukua 15,000. Hizo ni 23,000 kabla hujafika kwenye kodi na chama cha wafanyakazi. Kijana aliyepanga chumba na kukopa samani akitazama mshahara ulioandikwa kwenye barua ya ajira anajikuta amepanga maisha kwa hela ambayo haitafika mkononi kwake.

Kisha inakuja mikopo. Utaratibu wa utumishi unataka makato yasikuache na chini ya theluthi moja ya mshahara wako, na benki zinafuata hilo kwa sababu zinapitisha makato kwa mwajiri. Kausha damu, yule mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, hapitii huko. Anakupa laki mbili jioni, anachukua kadi yako ya benki na namba ya siri, na mwisho wa mwezi anatangulia yeye kwenye mashine. Wako walimu wanaofundisha hadi tarehe 20 wakiwa hawana nauli. Nakusihi, kadi yako isitoke mfukoni mwako kwa sababu yoyote. Kukiwa na dharura, nenda SACCOS ya walimu au kikundi cha kuweka na kukopa unachokifahamu, na kama hujajiunga, jiunge sasa ukiwa huna shida, maana mwanachama mpya hakopeshwi siku anayoingia.

Na mwisho wa kila mwezi, kwenye daftari lako mwenyewe, andika maoni kama yale ya darasani. "Hela imeisha" haisaidii. "Nimetoa michango ya harusi mitatu kwa sababu nilishindwa kumwambia mtu mezani kwamba sina, mwezi ujao nachangia mmoja na nasema mapema" inasaidia.

Kuhusu masomo ya juu, wengi watakuhimiza uanze shahada ya uzamili mara moja. Ushauri wangu ni usubiri. Miezi 12 ya majaribio ikamilike, uthibitishwe kazini, ulifahamu darasa. Kwa sasa Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania inakutosha kwa vitabu, na nusu saa ya kusoma kila jioni ni jambo linalowezekana hata kwa mwalimu aliye zamu.

Barua zako zote, ya ajira, ya kupangiwa kituo, ya kuthibitishwa, toa nakala na uziweke pamoja. Siku ya kupanda daraja utaziomba kwako mwenyewe kwanza.

Desemba shule zikifungwa, usiyatupe maandalio wala kuyaacha kabatini ofisini. Yabebe uende nayo nyumbani. Unapokaa kuandika azimio la kazi, yaani mpango wa mada na vipindi, la mwaka unaofuata, weka mada upande mmoja na maoni yako upande wa pili. Mada uliyoipangia vipindi vinne na maoni yanaonyesha ulihitaji sita, ipe sita; ile iliyoeleweka kwa kipindi kimoja, punguza. Namba hasi nazipa vipindi viwili zaidi ya wenzangu wengi, na cha kwanza ni cha mstari wa namba peke yake, uliochorwa sakafuni kwa chaki ili wanafunzi watembee juu yake.