Simu zetu zote zinalala sebuleni

Binti yangu alipofika kidato cha pili nilimnunulia kishikwambi. Mtihani wa Novemba ulikuwa unakaribia, walimu wanarusha maswali kwenye grupu la wazazi, na kila jioni tulikuwa tunagombania simu yangu. Laini nilisajili mimi kwa namba yangu ya NIDA, maana mtoto wa miaka 14 hasajili laini kwa jina lake.

Wiki ya pili mambo yakabadilika. Asubuhi haamki, chai inapoa mezani. Usiku mmoja nilitoka kwenda chooni saa nane, nikaona mwanga unapenya chini ya mlango wake. Bando za usiku ni za bei rahisi, na watoto wanalijua hilo kuliko sisi. Sikugonga mlango. Kesho yake, alipoingia kuoga, nilichukua kishikwambi chake nikaiunganisha WhatsApp yake na kompyuta yangu. Haikuchukua hata dakika mbili. Tangu hapo nikawa nasoma kila anachoandika.

Nilisoma siku tisa. Ukiacha habari za misuko na malalamiko kuhusu mwalimu wa hesabu, sikukuta kitu. Siku ya kumi kukawa kimya. Alikuwa amefungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, akaikuta kompyuta yangu pamoja na saa niliyoingia mara ya mwisho. Alinikuta jikoni nakuna nazi, akasimama mlangoni akaniambia, "Mama, si ungeniuliza tu?" Akaondoka.

Baada ya hapo maongezi yake yalihamia kwenye simu ya binamu yake, na kwenye kishikwambi kukawa na vikokotoo viwili. Kimoja ni cha kawaida. Kingine ukibonyeza namba za siri kinafunguka na kutoa picha zilizofichwa ndani. Mzazi mwenzangu, ukikuta vikokotoo viwili kwenye kifaa cha mwanao, kaa naye muulize cha pili ni cha nini.

Wiki kadhaa baadaye alinifungulia mwenyewe. Mle ndani alikuwa amehifadhi meseji za mtu waliyekutana kwenye mchezo wa mtandaoni, aliyejiita mwanafunzi wa kidato cha nne. Alianza kuomba picha ya uso. Halafu akataka nyingine, na nyingine, akisisitiza asimwambie mtu. Binti yangu hakutuma, akamblock. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alijibu, "Ungeninyang'anya."

Na ni kweli, ningemnyang'anya. Jibu lile liliniuma kuliko meseji zenyewe. Mtoto akishajua kwamba kusema kutamponza, ananyamaza, na watu wa aina ile wanategemea ukimya huo huo. Siku hiyo nilimwahidi: ukiniletea jambo la kutisha, kifaa chako hakiguswi. Nimeitimiza ahadi hiyo mara mbili sasa, na mara ya pili ilinilazimu kuuma meno. Nikamwambia pia asifute meseji za namna hiyo, maana ndizo ushahidi tukienda polisi, na kwamba namba 116 ya huduma kwa watoto hupigwa bure hata kama mimi sipo.

Kuhusu usiku, tulikubaliana saa tatu na nusu simu zote ziwekwe kwenye kapu kando ya televisheni, pamoja na yangu na ya baba yake. Chaja zote ziko hapo. Baba yake alikuwa mgumu wiki nzima kwa sababu ya matokeo ya mpira, lakini bila simu yake kapuni lile kapu lingekuwa adhabu ya mtoto peke yake. Binti akasema anahitaji alamu ya kumwamsha, tukamnunulia saa ya mezani Kariakoo. Kama utachukua jambo moja tu kutoka kwangu, chukua hili la kapu.

Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia kifaa cha mtoto, niliiweka tukiwa tumekaa wote wawili, yeye akibonyeza. Inanionyesha ametumia saa ngapi na kwenye programu ipi, inafunga kifaa muda wa kulala ukifika, na programu mpya haiingii bila mimi kukubali. Meseji hainionyeshi, na kwa umri wake naona ni sawa. Angekuwa na miaka 10 ningezisoma, naye akijua. Kwa huyu nitazisoma siku nikiona dalili ya hatari, kama miadi yoyote na mtu mzima asiyemfahamu au hela zisizoeleweka zimetoka wapi, na nitamwambia kabla sijafungua. Na kwa kuwa laini ni za jina langu, mara moja moja nabonyeza *106# kuangalia kama hakuna namba nisiyoitambua.

Kilichokuwa kimebaki ni ile simu ya binamu, maana Jumamosi analala kwa shangazi yake na kule hakukuwa na utaratibu wowote. Nilimpigia wifi, tukaongea karibu saa nzima, nikamsimulia mpaka habari za yule mtu wa picha. Alinisikiliza kimya, kisha akaniuliza kapu letu lina ukubwa gani.